Umeme wa ugenini na gharama ya kutosoma

Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Ulisikika mfano wa chupa ya soda inayofunguliwa kwa meno, ukafuatwa na harufu kali ya plastiki iliyoungua, kisha taa za chumba zikazimika. Hayo yalinifika mwaka 2016 katika nyumba moja ya wageni mjini Bayreuth, Ujerumani, mji ambao wapenzi wa lugha yetu wanaufahamu kwa sababu tangu miaka ya 1980 chuo kikuu cha huko kimekuwa kikiandaa kongamano la Kiswahili. Nilikuwa nimekwenda kusoma makala. Nilikuwa nikitokea Marekani, ambako nilikuwa nimefundisha kwa muhula mmoja, na katika mkoba wangu mlikuwa na kipakatalishi, kinasa sauti, diski ya nje yenye ukubwa wa kitabu, na ekstensheni ya soketi sita niliyoinunua mjini Chicago. Ekstensheni hiyo iliuzwa kwa sifa moja kuu, kwamba inakinga vyombo dhidi ya umeme unaofumka ghafla. Niliinunua makusudi kwa ajili ya kuilinda ile diski.

Ekstensheni hiyo ndiyo iliyolipuka.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kuwa nimewahi kuuelewa msemo huo kama nilivyouelewa usiku ule nikipapasa gizani kutafuta swichi. Katika diski ile mlikuwa na saa kumi na moja za mazungumzo niliyoyanasa Faza, katika kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Aliyezungumza alikuwa bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 80, fundi wa kusuka mikeka, mwenye Kitikuu safi ambacho hakijachujwa na redio wala shule. Siku ya kwanza alikitazama kinasa sauti changu kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, chombo chako hiki kinameza maneno yangu. Je, siku tukiyataka, kitayatapika?" Nilicheka, nikamhakikishia kwamba kitayatapika yote. Siku za mwisho alinitajia, mmoja baada ya mwingine, majina ya mitindo ya ukili, yaani ile mishipi ya miyaa inayosukwa kwanza kabla ya kushonwa kuwa mkeka, na kila jina alilifuatisha na kisa chake.

Nilikuwa nimefuta nakala iliyokuwa katika kinasa sauti ili nipate nafasi ya kazi nyingine. Kosa hilo ni langu, na sitamtwika mtu mwingine. Hata hivyo, kosa la ekstensheni lilikuwa langu pia, na ndilo ninalotaka kulizungumzia leo, kwa kuwa naliona likirudiwa kila mwaka na wasafiri wetu: wanafunzi, mahujaji, wafanyakazi wa ndani, maafisa wa serikali na hata wahadhiri wenye shahada za uzamifu.

Hebu tuanze na jambo la msingi. Umeme unaotoka katika ukuta wa nyumba ya Mkenya una nguvu ya volti 240, na mkondo wake hubadili mwelekeo na kurejea kwa marudio ya hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde. Huo ni urithi wa Uingereza, pamoja na plagi yetu ya pini tatu za bapa. Ulaya Bara hutumia volti 230 na pini za mviringo. Tofauti ya volti kumi si kitu, na kwa hiyo Mkenya aendaye Ujerumani au Ufaransa hana la kuogopa ila umbo la tundu. Marekani ni nchi nyingine kabisa. Huko umeme wa nyumbani ni wa volti 120 na hezi 60, takribani nusu ya nguvu yetu. Tofauti hii ina asili ya kihistoria. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme mtaani Pearl, New York, mwaka 1882, alitumia nguvu ya karibu volti 110, na Wamarekani wakajenga juu ya msingi huo. Wazungu wa Ulaya baadaye walichagua nguvu ya juu zaidi kwa sababu huokoa shaba: nguvu inapopanda, waya mwembamba huweza kubeba kazi ileile.

Japani ina lake la kustaajabisha. Nchi nzima hutumia volti 100, lakini Tokyo na upande wa mashariki hutumia hezi 50 ilhali Osaka na upande wa magharibi hutumia hezi 60. Chanzo chake ni kwamba mwaka 1895 Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani, na mwaka uliofuata Osaka ikanunua ya Kimarekani. Mgawanyiko huo haukuwahi kuondolewa, na baada ya tetemeko la ardhi la Machi 2011 Wajapani waliujutia, kwani upande wa magharibi haukuweza kuukopesha mashariki umeme wa kutosha. Saudia nayo, ambako Wakenya wengi hufanya kazi na wengine huenda kuhiji, ilizoea kutumia volti 127 majumbani mpaka serikali ilipoamua mwaka 2010 kuhamia volti 230, kazi iliyopangiwa miaka mingi. Na marudio yake ni hezi 60. Kwa hiyo asemaye "umeme wa ng'ambo" kana kwamba ni kitu kimoja, hajasema lolote.

Sasa turudi Bayreuth. Ndani ya ekstensheni zenye kinga mna kipande kidogo, mfano wa sarafu, kiitwacho varista. Kazi ya varista ni ya bawabu. Umeme ukiwa wa kawaida, hukaa kimya. Umeme ukifumka kupita kiwango chake, hujifungua na kuuelekeza ule wa ziada kando, mbali na chombo. Umeme wa Marekani, kwa kuwa hupanda na kushuka kama wimbi, hufika kilele cha volti 170 hivi. Na bawabu wa ekstensheni yangu alikuwa amezoezwa kuulinda mlango wa kimo hicho. Umeme wa Ujerumani una kilele cha volti 325. Nilipoichomeka ekstensheni ukutani kwa msaada wa adapta, bawabu aliliona kila wimbi kuwa ni mfumko wa hatari, mara mia moja kwa kila sekunde. Alipambana kwa muda mfupi, akaungua, na kwa kuungua akauzima umeme wa chumba kizima. Diski yangu ilikuwa ikiandika wakati huo.

Jambo linalonichoma zaidi nililigundua asubuhi. Nilipoichukua chaja ya diski na kuisogeza karibu na dirisha, nilisoma maandishi madogo ya kijivu: INPUT 100-240V, 50/60Hz. Maana yake ni kwamba diski ile ilikuwa na uwezo wa kutumia umeme wa Nairobi, wa Chicago na wa Bayreuth bila ya msaada wa mtu. Ningaliichomeka moja kwa moja ukutani, isingalidhurika. Niliiangamiza kwa kuilinda.

Fundi mmoja wa Nairobi aliokoa saa nane kati ya kumi na moja. Saa tatu zilizopotea ni zile za ukili.

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu darasani tofauti ya adapta na transfoma. Wengi walinijibu kwamba ni kitu kimoja, ila transfoma ni kubwa. Mimi ni mwanaisimu, na najua kwamba pale lugha inapotumia jina moja kwa vitu viwili, watu huvichanganya vitu vyenyewe. Kwetu Kenya neno adapta hubeba mizigo mitatu: kipande cha kugeuza umbo la plagi, chaja ya kipakatalishi, na wakati mwingine hata transfoma. Tazama pia neno stima, ambalo lilitoka kwa meli za mvuke kabla ya kuingia katika nyaya zetu, na neno umeme, ambalo asili yake ni ule mwanga wa radi mawinguni. Majina hayo yametosha kwa kulipa bili. Hayamsaidii msafiri anayesimama mbele ya tundu asilolijua.

Kwa hiyo na tuweke wazi. Adapta ya plagi hugeuza umbo peke yake. Hufanya pini zetu ziingie katika tundu la kigeni, lakini umeme unaopita ni uleule wa nchi ile, haupunguzwi hata volti moja. Transfoma ndiyo inayoshusha au kupandisha nguvu, nayo ni nzito kwa sababu ndani yake mna chuma na shaba. Yeyote atakayekuuzia kipande chepesi kisichozidi kiganja na kudai kwamba kinashusha umeme wa kila chombo, muulize vizuri. Viko vigeuzi vyepesi vilivyotengenezwa kwa vyombo vya joto tu, kama vile vikausha nywele. Kompyuta au redio ikiunganishwa navyo huweza kuharibika, kwa maana umeme wavyo hutoka umekatwakatwa.

Msomaji huenda akasema kwamba haya ni ya wasafiri, nayo hayamhusu aliyekaa nyumbani. Sivyo. Ni familia ngapi ambazo zimepokea zawadi kutoka kwa mtoto aliye Marekani, ikawa furaha ya dakika moja? Mashine ya kusaga matunda, pasi, sufuria ya umeme ya kupikia wali: vitu vizuri, vilivyonunuliwa kwa jasho, na vyenye maandishi ya 120V chini ya kitako. Pasi ya aina hiyo ikichomekwa katika volti 240, mkondo unaopita huwa mara mbili na joto lake huwa mara nne. Haihitaji ushahidi wa mhandisi kujua mwisho wake. Kinyume chake, birika la Nairobi likipelekwa Boston hupata robo tu ya nguvu yake, na mwenyeji atasubiri chai mpaka ahisi usingizi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wa kale. Nami naongeza kwamba ukiupokea msala, utazame kwanza upande wa chini.

Kuna pia suala la umeme kufumka. Nautumia msemo huu, mfumko wa umeme, kwa kuwa umma umekwisha kuuzoea mfumko wa bei, na maana zinakaribiana: kitu kupanda ghafla kupita kiasi na kumuumiza asiyejitayarisha. Mfumko huletwa na radi, na wakazi wa Kisii na Kakamega hawahitaji kufundishwa juu ya radi. Huletwa na mitambo mikubwa inapowashwa au kuzimwa karibu. Huletwa na waya wa kati kukatika katika mlingoti, ajali ambayo inaweza kuufanya umeme wa nyumba moja upande kuelekea volti 415. Na huweza kuletwa na umeme wenyewe unaporejea baada ya kupotea. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza likatanda tena karibu kote nchini, pamoja na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Katika nyakati kama hizo watu wengi huiacha televisheni ikiwa imechomekwa, wakisubiri ijiwashe kama ishara kwamba stima imerudi. Hiyo ni sawa na kusimama mlangoni ili ujue mafuriko yamefika.

Tuna mazoea mengine ambayo siwezi kuyapita. Mkenya akiwa na plagi ya pini mbili za mviringo huchukua kalamu, akaichokoa pini ya juu ya soketi ili matundu ya chini yafunguke, kisha akaisukuma plagi kwa nguvu. Sote tumefanya hivyo, nami nimefanya mbele ya wanafunzi. Vifuniko vile ndani ya soketi viliwekwa kwa ajili ya usalama wa watoto, na plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani yake ambayo huungua kabla ya waya wa chombo kuungua. Plagi ya pini mbili haina fyuzi hiyo. Kwa kalamu ya shilingi ishirini tunaziondoa kinga mbili kwa mpigo. Adapta nzuri yenye fyuzi hupatikana katika maduka ya barabara ya Luthuli, nayo haigharimu kama simu mpya.

Basi msafiri afanye nini? La kwanza, kabla ya kufunga sanduku, na ageuze kila chombo na kusoma maandishi yaliyo karibu na neno INPUT. Akiona 100-240V, chombo hicho kitakwenda popote, na anachohitaji ni adapta ya umbo peke yake. Chaja nyingi za simu na vipakatalishi vya leo ziko katika kundi hili. Akiona nambari moja tu, iwe 120 au 240, na ajue kwamba chombo hicho ni cha nchi yake. La pili, vyombo vya joto na vibaki nyumbani. Pasi hupatikana hotelini, na transfoma ya kubeba wati elfu mbili ni mzigo wa kumshinda mpagazi. Kama ni lazima kutumia transfoma, wati zake zizidi wati za chombo.

La tatu, na hapa nazungumza kama aliyeungua, ekstensheni yenye kinga ina nchi yake pia. Iliyoandikwa 120V au 125V isivuke bahari kuja kwetu wala kwenda Ulaya. Atakaye kinga na anunue yenye kuandikwa 230V au 240V, tena akumbuke kwamba varista huchakaa: kila mfumko inaoumeza huipunguzia uwezo, na kinga ya miaka mingi inaweza kuwa ekstensheni ya kawaida yenye bei ya kinga. Nyingi zina taa ndogo ya kuonyesha kama kinga ingali hai. La nne, radi ikinguruma au umeme ukipotea, chomoa. Kipakatalishi kina betri, kitumie hiyo. Umeme ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka. Hakuna kinga inayozidi plagi iliyo nje ya ukuta. La tano, pawabenki isitiwe katika mzigo wa chini ya ndege. Mahali pake ni mkobani, na mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu isiyozidi saa-wati 100, ambayo ni kama miliampia-saa 27,000. Na la sita: chochote usichoweza kukinunua tena, kiwe na nakala mbili zaidi, na moja kati ya hizo isisafiri nawe.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini mwalimu wa lugha ajitie katika kazi ya wahandisi. Jibu langu ni kwamba hasara yangu haikutokana na upungufu wa uhandisi. Mhandisi aliitimiza kazi yake. Aliandika nambari zote chini ya chombo. Hasara ilitokana na kutosoma, na kutosoma kulitokana na kuamini kwamba mambo ya volti ni ya watu wengine, yanayosemwa kwa lugha nyingine. Watoto wetu hufundishwa kanuni ya Ohm shuleni, wakaipita katika mtihani, kisha wakarudi nyumbani na kuichokoa soketi kwa kalamu. Kati ya kanuni na soketi pana pengo, na pengo hilo ni la maneno. Vyombo vinavyouzwa nchini vingekuwa na karatasi moja ya Kiswahili sahili, inayosema volti ngapi, adapta gani na tahadhari ipi, mama anayepokea sufuria kutoka kwa bintiye asingelazimika kumwita fundi baada ya moshi. Waandishi wa vitabu vya kiada, wauzaji na sisi wa vyuo vikuu tuna kazi hapa. Tumetumia miaka mingi tukibishana juu ya tarakilishi na kompyuta, ni lipi neno halali. Tungetenga siku moja kwa ajili ya maneno yaliyo katika kitako cha chaja yake.

Yule bibi alifariki mapema mwaka huohuo wa 2016, nikiwa bado Marekani. Niliporejea nilikwenda Faza kuwapa pole jamaa zake. Mjukuu wake, kijana ambaye alikuwa akituletea kahawa tulipokuwa tukizungumza, aliniomba jambo moja tu. Alitaka kumsikia bibi akiyataja majina ya ukili, kwa sababu mama yake alikuwa ameanza kusuka upya na kuna mitindo ambayo anaikumbuka kwa vidole lakini ameisahau kwa jina. Nilimpa saa nane nilizokuwa nazo. Za majina sikuwa nazo, na ilinibidi nimweleze sababu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani, mwalimu, haikuandikwa popote kwamba kitaungua?"

Nilimjibu kwamba iliandikwa.